Safu ya draiva bapa haivumilii pengo

Safu yangu ya kwanza ya draiva za spika ilinishinda siku niliposimama katikati ya wimbo kwenda kufunga dirisha. Nilipoinuka, mlio wa matoazi ulififia kana kwamba mtu ametupia kitambaa juu ya spika, nilipoketi, ukarudi. Nilikuwa nimepanga draiva bapa nne kwa kila upande, wima, kwenye ubao nilioupiga msasa kwa siku mbili, na kati ya draiva moja na nyingine nikaacha sentimita 5 ili skrubu zikae kwa nafasi na ubao upendeze. Draiva zenyewe hazikuwa na kasoro, wala waya, wala amplifaya. Kasoro ilikuwa kwenye zile sentimita 5 na kwenye ufupi wa safu nzima. Tangu hapo nina msimamo ambao nautetea kila ninapozungumza na wajenzi wenzangu: anayetaka kujenga spika za safu nyumbani apige hesabu ya mapengo na ya urefu kabla ya kuchagua aina ya draiva, na kama hawezi kuijaza safu yake, ni heri ajenge spika yenye draiva bapa moja na kuiacha ifanye kazi yake vizuri.

Draiva, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kile kiungo cha spika kinachotikisa hewa. Katika draiva ya kawaida, koili ya waya imefungwa nyuma ya koni na huisukuma kutokea katikati. Draiva bapa haina koni. Ina utando mwembamba wa plastiki, mara nyingi wa unene wa maikroni (elfu za milimita) chache tu, uliowambwa kwenye fremu kama ngozi ya ngoma, na juu ya utando huo njia za alumini zimepita zikienda na kurudi. Mbele yake, au nyuma yake, au pande zote mbili, kuna vipande virefu vya sumaku vilivyoachiana nafasi ili sauti ipenye. Mkondo wa umeme unapopita kwenye alumini ndani ya uga wa sumaku, utando husukumwa karibu wote kwa pamoja. Kwa kuwa kinachotembea ni chepesi mno, sauti huanza na kukoma upesi, na ukinzani wa draiva hubadilika kidogo sana masafa ya sauti, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde inayopimwa kwa Hz, yanapopanda, jambo ambalo amplifaya yoyote hulipokea kwa urahisi.

Wazo hili si jipya. Jim Winey alianzisha kampuni ya Magnepan huko Minnesota, Marekani, mwaka 1969, akitengeneza spika zinazofanana na ubao mrefu uliosimamishwa sebuleni. Kilichotufungulia mlango sisi wa nyumbani ni sumaku za neodimiamu zilizotokea katika miaka ya 1980, kwa sababu ziliwezesha kupata uga wenye nguvu ndani ya fremu inayoenea kiganjani. Fremu ndogo ndiyo inayoweza kupangwa safu.

Sababu ya kuzipanga ni kwamba draiva bapa ina udhaifu mmoja mkubwa: utando wake una nafasi ndogo sana ya kutembea kabla haujakaribia sumaku. Sauti nayo ina sheria isiyobembelezeka. Masafa yakishuka kwa nusu, yaani oktava moja, utando unapaswa kutembea mara 4 zaidi ili usikike kwa nguvu ileile. Draiva moja inayopiga kwa starehe Hz 1,000 huanza kupapatika ukiilazimisha Hz 300. Ukiwa na draiva 12 zinazogawana kazi hiyo, kila moja inatembea sehemu ya kumi na mbili tu ya mwendo uliohitajika, na kwa hesabu ya karatasini safu inaweza kushuka takriban oktava moja na robo tatu chini ya kikomo cha draiva moja. Joto pia linagawanyika, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa alumini nyembamba kiasi hicho haina mwili wa kuhifadhi joto, na sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu zikipita takriban nyuzi joto 80 za Selsiasi.

Hadi hapo wengi tunaafikiana. Tunapoachana ni kwenye mpangilio.

Sauti husafiri takriban mita 344 kwa sekunde hewani, kwa hiyo wimbi la Hz 1,000 lina urefu wa sentimita 34, na la Hz 10,000 lina sentimita 3.4 tu. Vyanzo viwili vilivyoachana kwa umbali unaozidi wimbi lenyewe havisikiki tena kama kimoja: sehemu fulani za chumba vinajumlishana, sehemu nyingine vinafutana, na msikilizaji akisogeza kichwa kidogo anatoka kwenye mlima na kuingia bondeni. Draiva bapa ina nafuu hapa, kwa sababu utando wake mrefu unatoa sauti kwa urefu wake wote, lakini nafuu hiyo ipo tu ikiwa utando mmoja unakaribiana kabisa na unaofuata. Christian Heil na Marcel Urban, katika utafiti wao wa mwaka 1992 uliozaa safu za kisasa za majukwaa ya muziki, waliweka kipimo ambacho mjenzi wa nyumbani anaweza kukikagua kwa rula: vyanzo bapa vinavyosimama mstari mmoja vinahitaji kujaza angalau asilimia 80 ya safu ili vitende kama chanzo kimoja kisichokatika.

Nilipoipima safu yangu kwa rula hiyo, niliona aibu. Utando wa kila draiva ulikuwa na urefu wa sentimita 14, na fremu iliongeza sentimita moja na nusu juu na nyingine chini. Pamoja na lile pengo la sentimita 5, kila draiva ilishika sentimita 22 za ubao na kutoa sauti kwenye 14 tu, sawa na asilimia 64. Nilizing'oa zote, nikatoboa ubao upya, nikazibana hadi fremu zikagusana: 14 kwa 17, asilimia 82. Draiva zilezile, waya uleule, na ule ukungu uliokuwa juu ya sauti za juu ukaondoka. Sijawahi kupata badiliko kubwa kiasi hicho kwa kununua draiva ya gharama zaidi.

Lakini kusimama bado kulikuwa tatizo, kwa sababu draiva nne zilizogusana zina urefu wa sentimita 68 tu. Hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na wanaosema kwamba safu fupi ni mwanzo mzuri. Karibu na safu, nguvu ya sauti hupungua desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha nguvu hiyo) kila umbali unapoongezeka maradufu. Mbali nayo hupungua desibeli 6, kama chanzo chochote kidogo. Mpaka kati ya hali hizo mbili hupatikana kwa kuzidisha urefu wa safu kwa wenyewe, kisha kugawanya kwa urefu wa mawimbi mawili. Kwa safu ya sentimita 68, mpaka wa Hz 1,000 uko kwenye sentimita 67 hivi, na wa Hz 10,000 uko kwenye mita 6.7. Anayesikiliza kutoka mita 3 yuko nje ya mpaka wa kwanza na ndani ya mpaka wa pili. Akirudi nyuma hatua mbili, sauti za kati zinapungua haraka kuliko za juu, na mizani yote ya muziki inahama. Hakuna ekolaiza, yaani kirekebishi cha uwiano wa sauti za juu na za chini, inayotibu hilo, kwa sababu marekebisho yanayofaa kwenye kiti kimoja yanaharibu kwenye kiti kingine.

Draiva 12 zina urefu wa mita 2 na ushei. Mpaka wa Hz 1,000 unasogea hadi mita 6, nje ya vyumba vingi vya nyumbani, na kutoka hapo kwenda juu chumba chote kiko upande mmoja wa hesabu. Safu inayokaribia sakafu na dari inapata msaada mwingine: nyuso hizo mbili huakisi sauti kama vioo, na sikio hupokea mstari unaoonekana kuendelea juu na chini. Unaweza kuketi, kusimama au kuegemea ukuta, matoazi yasikimbie.

Ubaya upo, na sitaki kuuficha. Sauti kutoka ncha za safu ya mita 2 humfikia aliyeketi mita 3 ikiwa imesafiri sentimita 17 zaidi ya ile ya katikati, na kutokana na michelewesho hiyo safu ndefu huipunguza sauti kwa takriban desibeli 3 kwa kila oktava kadiri masafa yanavyopanda. Ni lazima upime kwa maikrofoni na usawazishe kwa ekolaiza ya kidijitali. Anayetegemea sikio peke yake atahangaika miezi. Wapo wanaofuata njia ya mhandisi wa spika Don Keele ya kuipinda safu kama upinde na kupunguza nguvu ya draiva za pembeni, na kwa koni ndogo naiheshimu sana njia hiyo. Kwa draiva bapa siipendekezi, kwa kuwa fremu zilizonyooka zikipindwa kuelekea nyuma hufunguka mbele, na pengo lililofukuzwa mlangoni linarudi kupitia dirishani.

Kuhusu nyaya, draiva za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani) zikiwa 12 hufungwa nnenne kwa mfululizo, kisha mafungu matatu hayo kwa sambamba, unapata omu 5.3. Hakikisha hakuna iliyogeuzwa. Koni hujionyesha ukiigusisha betri, lakini utando hauonekani ukitembea, na mimi nilipata draiva moja ambayo alama za jumlisha na toa zilikuwa zimebandikwa kinyume tangu kiwandani. Niliigundua kwa kuziunganisha mbilimbili na kuzisimamisha zikitazamana kwa karibu: jozi yenye iliyogeuzwa ilipoteza sauti zake za chini ghafla. Mgongo wa safu nauacha wazi, mita moja au zaidi kutoka ukutani, kwa sababu utando mwembamba hauwezi kuzuia mwangwi wa kasha finyu lililo nyuma yake. Chini ya Hz 300 naziachia wufa, spika za sauti nzito.

Kwa aliyekwisha kununua draiva nne na hana uwezo wa kuongeza, ushauri wangu ni kwamba atumie moja kila upande, kwenye usawa wa sikio, na wufa ya koni chini yake. Mbili zinazobaki aziweke akiba, kwa sababu ataihitaji akiba hiyo. Nilipoteza utando mmoja kwa chembe ya chuma isiyozidi punje ya chumvi, iliyoruka kutoka kwenye keekee yangu, ikavutwa na sumaku na kukaa ndani ya nafasi ya kupumulia. Kwa siku kadhaa nilisikia mkwaruzo kwenye noti za kati za piano nikidhani ni rekodi, hadi nilipoitoa kwa ncha ya utepe wa gundi na kukuta njia ya alumini imekwishakatika. Draiva za akiba zikae kwenye mfuko uliofungwa, mbali na meza ya kutobolea chuma.