Makofi ya Nini Mbele ya Bastola ya Eksirei?

Nimetazama video moja ikanitibua nyongo. Jamaa kashika kile kipimo cha eksirei cha kutambua metali, chenye umbo la bastola, kakibandika kwenye tofali la dhahabu, sekunde chache tu, kageuza kioo: dhahabu asilimia 99.9. Watu makofi. Makofi ya nini?

Kilichopimwa pale ni ngozi ya tofali tu. Eksirei ikiingia hung'oa elektroni ya ndani ya atomu. Ya nje hushuka kuziba pengo, na katika kushuka hutoa eksirei nyingine yenye nishati ya elementi hiyo na si nyingine. Uhusiano huo Henry Moseley aliuonyesha tangu 1913. Sawa. Lakini hiyo eksirei inayorudi lazima itoke nje ndipo isomwe, na dhahabu ni mlafi: inayoanzia kina cha zaidi ya makumi machache ya mikromita humezwa njiani. Unene wa unywele, basi! Ndani jaza metali ya tungsteni, juu vika dhahabu ya unene wa nusu milimita, bastola itakuapia ni dhahabu tupu. Wala usikimbilie mizani: sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya tungsteni 19.25. Mwizi naye kasoma. Mawimbi ya sauti ndiyo yangemuumbua, maana katika tungsteni hukimbia kasi zaidi.

Halafu hiyo asilimia ni ya vile inavyoviona tu. Kaboni haioni, na kaboni ndiyo inayoamua ugumu wa chuma cha pua. Madini ya risasi na aseniki nayo huichanganya, mistari yao mikuu (yaani nishati za eksirei yanazotoa) imebanana mno. (Bastola inayobabaishwa na risasi, jamani.)

Haya, nisionekane nina chuki binafsi. Kwenye chuma chakavu inachambua aloi (mchanganyiko wa metali) haraka kuliko fundi yeyote. Kifaa cha PIXL, kilichofungwa kwenye gari la utafiti la NASA liitwalo Perseverance, kinafanya kazi hiyohiyo kwenye miamba ya sayari ya Mirihi. Na mwaka 2008, chini ya mchoro wa Vincent van Gogh, eksirei iliibua uso wa mwanamke aliyefunikwa kwa rangi. Ila kipande kile cha sentimita 17.5 kwa 17.5 kilichukua siku 2, nukta kwa nukta, na wataalamu wakabaki kubishana na data. Siku 2! Huyu wetu hata jasho halijamtoka.

Lile tofali litobolewe kwanza. Makofi yangu nitayatoa hapo.