Kabla mtani hajawamaliza, sikieni kutoka kwangu

Najua wengi mmeshaiona ile klipu yangu ya kwenye mbio za magari. Mtani wangu Mnyamwezi kaisambaza kwenye magrupu tangu Jumapili usiku, kaiwekea na singeli, mpaka shangazi yangu wa Kisarawe kanipigia kuuliza kama nilikuwa naiba au naibiwa. Tulieni niwape yenyewe.

Mimi, kwa wasionijua, ni dereva wa lori. Magurudumu 18. Milima ya Virginia, huku Marekani, naishuka na mzigo, barafu juu. Kwa hiyo mtani aliponiambia twende Martinsville, mji wa huko huko Virginia, kuangalia mbio za magari, nilimcheka. Uwanja wenyewe mzunguko mmoja haufiki hata kilomita. Nikasema hizo si mbio, huko ni kutafuta pa kuegesha Kariakoo.

Tukakaa chini kabisa, karibu na uzio, pale inapoishia kona ya nne. Tiketi alinunua mtani. Hilo liwekeni akilini.

Pembeni yangu alikuwepo babu mmoja wa Kizungu, kaptula ya mpira kiunoni, tumbo la heshima, mkononi ile soseji maarufu ya Martinsville, nyekundu ya kutisha, imezikwa kwenye kabichi, vitunguu na haradali. Akanikaribisha. Nikamwambia asante babu, mimi na nguruwe hatujuani. Nikamtolea visheti vya mke wangu. Akala kimoja, akaomba cha pili, urafiki ukaanza. Akanionyesha ukuta wa mbele yetu: hapo ndipo dereva Ross Chastain, Oktoba 2022, mzunguko wa mwisho, alipokanyaga mafuta yote, akaegemeza ubavu wa gari ukutani na kuyapita magari 5. Nikauliza, walimfunga? Akasema hapana, akaingia fainali ya ubingwa! Marufuku ya ule ujanja ilikuja baadaye.

Nikautazama ukuta. Nikautazama uzio. Nikapima kwa macho umbali uliobaki mpaka kwenye magoti yangu.

Babu alikuwa na kiredio amekibana kwenye kaptula, kinanasa mazungumzo ya madereva na watu wao wanaowaelekeza kutoka juu ya jukwaa. Nyaya mbili, hedifoni mbili. Moja ya mkewe, ambaye siku hiyo hakuja. Akanivisha. Sasa kumbukeni kazi yangu, wadau: kutwa nzima nina dispacha masikioni, yule wa ofisini anayetuelekeza madereva. Akisema geuka, nageuka. Nalipwa kwa kutii.

Bendera ya kijani ikapepea. Nyie! Ule mngurumo huusikii kwa masikio, unaingilia kifuani. Vipande vya raba vinaruka mpaka kwenye visheti. Kila wakifika konani wanakanyaga breki hadi unaona diski zinawaka ndani ya rimu. Mimi natikisa kichwa taratibu, mjuzi wa mambo.

Hapa sasa twende polepole.

Magari mawili yanatoka kona ya nne yamebanana. La nje linaguswa nyuma, kidogo tu. Mkia ukaanza kuhama. Nikaona ubavu. Nikaona pua. Taa zake za mbele ni za stika, za kubandika, naapa niliziona hivyo. Moshi mweupe ukafunika kila kitu, na ndani ya ule moshi gari linakuja kwetu, kwenye ukuta ule ule wa hadithi ya babu. Masikioni sauti ya mtu mzima ikaamuru: "Pita chini, pita chini! Nenda! Nenda! Nenda!"

Nikaenda.

Hatua ya kwanza nilikanyaga visheti. Ya pili nikawa kwenye ngazi. Ya tatu kichwa kikavutwa nyuma, nikajua tayari, gari limenikamata. Nikajivuta kwa nguvu zote za Kizaramo. Nyuma nasikia, "Mwanangu! Mwanangu!" Nikageuka. Waya umekazika kutoka kichwani kwangu mpaka kiunoni kwa babu, na kaptula, waungwana, kaptula inateremka. Taratibu. Mkono mmoja kashika soseji, hataki kuiachia. Wa pili kashika hedifoni. Mkono wa kaptula haupo. Na mimi, badala ya kuvua kile kidubwasha, nikavuta tena.

Chupi yake ilikuwa ya miraba myeusi na myeupe, ile ile bendera ya kumalizia mbio.

Ndipo soseji ikaruka. Haradali ilinipata shingoni, ya moto kidogo, nikadhani ni damu. Mtani anadai nilipiga kelele "Mama!" Uongo. Nilisema "Mama mkwe!", sijui kwa nini. Gari lenyewe hata ukuta halikugusa. Dereva kaliwasha, kaligeuza, kaondoka zake.

Yaliyobaki mafupi: babu kapandisha kaptula, nimeomba radhi, kacheka mpaka kakohoa, nimemnunulia soseji nyingine kwa kuishika na tishu, mshindi kapewa saa kubwa ya mbao ya kusimama maana huko ndiyo kombe lao, tumerudi Greensboro mimi na mtani hatusemeshani.

Leo asubuhi dispacha kanipigia. Nikaitika. Kimya kidogo, halafu nikasikia: "Nenda! Nenda! Nenda!" na ofisi nzima nyuma yake inakufa kwa kicheko. Aliyemtumia namjua. Mzigo wenyewe ni wa Roanoke, na njia inapitia Martinsville.