Hita ya Mama Imehamia Juu ya Jiwe

Doa lilianza likiwa dogo kama kisosi, rangi ya chai ya rangi, kwenye dari ya korido pale nyumbani Isamilo. Mama alilitaja kwenye simu mara ya kwanza, akalitaja mara ya pili, mara ya tatu akanitumia picha. Lilikuwa limefika ukubwa wa ungo. Nikapanda darini Jumamosi moja saa nane mchana, saa ambayo mtu mwenye akili zake hapandi chini ya bati la Mwanza, nikaikuta hita yetu imelala juu ya mbao mbili inachuruzika maji mekundu.

Ni hita ya lita 80, iliingia mwaka 2006 baba akiwa hai na bado yuko kazini. Nyumba yenyewe ni ya zamani kuliko mimi. Bomba zake ni za chuma, waya za umeme zimezikwa ukutani na hakuna anayekumbuka zinapita wapi. Fundi tuliyemwita hakumaliza dakika kumi. Aligonga tangi kwa bisibisi, akategea sikio kama daktari, akashuka. "Bosi, hii imekufa. Chukua nyingine ya lita mia, tunapachika hapohapo, jioni bi mkubwa anaoga."

Tunapachika hapohapo. Neno hilo ndilo lililonikalisha niandike, maana nimelisikia kwenye nyumba nyingi za zamani hapa mjini, na naona linatutia hasara kuliko kutu yenyewe.

Najua wapo watakaocheka kwanza. Mwanza na hita wapi na wapi? Sisi si watu wa Njombe. Sawa, lakini aliyewahi kuoga maji ya simtanki saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba, upepo wa ziwa unapita dirishani, hacheki sana. Na mama yangu ana magoti. Magoti hayo yana habari zote za hali ya hewa kabla ya redio. Kwake maji ya moto si anasa, ni dawa.

Nilimwomba fundi, kabla hajaipeleka hita kwa wanunua vyuma chakavu, tuifungue. Alinitazama kama mtu anayeomba kuona maiti, ila akafungua. Ndani ya tangi la hita hukaa fimbo ya magnesi. Kazi yake ni kuliwa: kutu inaitafuna yenyewe badala ya chuma cha tangi, ikiisha unaweka nyingine. Ya kwetu ilikuwa imebaki uzi wa chuma wa katikati tu, mwembamba kama sindano ya kufumia. Hakuna aliyewahi kuibadilisha tangu 2006. Hakuna aliyewahi kutuambia ipo. Watu wa mikoa yenye maji ya chumvi hita zao zinakufa kwa ukoko mweupe unaoganda kwenye koili, chuma kile kinachopasha maji. Maji ya ziwa letu ni laini, chumvichumvi yake ni kidogo, kwa hiyo koili ya mama ilikuwa safi unaweza kujitazama. Sisi ugonjwa wetu ni kutu. Kumbe kitu cha kuchungulia kila baada ya mwaka mmoja au miwili ni hiyo fimbo, na bei yake huwezi kuilinganisha na tangi zima.

Lakini kilichonitoa jasho zaidi ya lile la bati ni valvu ya usalama. Maji yakipashwa yanatanuka, na thamostati ikigoma kukata umeme, presha inapanda. Ile valvu ndiyo mlango wa kutokea. Ya kwetu iliwahi kudondosha maji zamani, wenyewe tukalalamika, na fundi fulani wa enzi hizo akatibu kwa kuing'oa na kuziba tundu kwa pulagi ya chuma na tepu nyeupe. Pulagi safi kabisa, imekazwa kwa moyo wote. Kwa miaka sijui mingapi tumekuwa tukilala chini ya sufuria la lita 80 lililofungwa mfuniko kwa nati. Nilishuka nikanywa maji, nikakaa kimya. Mama akauliza, "Vipi, imekufa kweli?" Nikamwambia imekufa, afadhali yake na yetu.

Sasa hesabu. Kuzitoa lita 80 kutoka nyuzi 24 hadi 60 kunakula umeme wa yuniti 3.3 hivi. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, inayokaribia shilingi 356 kwa yuniti ukijumlisha na makato yake, hiyo ni shilingi 1,200 kasoro kidogo kwa kila tangi, na mama alikuwa haizimi. Akioga yeye na binti anayeishi naye, asubuhi na jioni, mwezi unakwisha na yuniti 100 zimepita kwenye maji ya kuoga tu. Mtu anayetumia chini ya yuniti 75 kwa mwezi analipa bei ile ya chini kabisa. Mama hana jokofu kubwa, hana pasi ya kila siku, televisheni yake inafunguliwa kwenye taarifa ya habari na tamthilia moja. Kilichokuwa kinamtoa kwenye kundi la bei nafuu ni hita peke yake.

Jirani akashauri shawa ya umeme, ile inayopasha maji yakiwa yanapita. Kwenye nyumba mpya yenye waya mpya, siipingi. Kwetu hapana. Shawa ya kilowati 5 inavuta zaidi ya ampea 20 wakati mmoja, na waya tuliokuta bafuni ulikuwa mwembamba, ganda lake linavunjika mkononi kama ganda la karanga. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme ukivuja, ulikuwepo, tukaufuata kwa shauku hadi nyuma ya ukuta, tukakuta mwisho wake umekunjwa vizuri na haujaunganishwa popote. Simsimamishi mama yangu kwenye maji, peku, chini ya kitu kile.

Ilitokea kwamba majuma hayohayo mdogo wangu anayeishi Leeds, Uingereza, naye alikuwa na msiba wa hita. Kwake boila ya gesi inapasha maji pamoja na nyumba nzima kupitia redieta, yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji ya moto, na ilizima katikati ya baridi, watoto wakalala na makoti. Akaamua kuhamia kwenye pampu ya joto, ambayo ni kama friji iliyogeuzwa: inavuta joto lililo kwenye hewa ya nje, hata hewa ya baridi, na kwa yuniti moja ya umeme inaingiza ndani joto la yuniti tatu hivi. Serikali ya huko inasaidia pauni 7,500 kwa anayebadilisha. Tukawa tunatumiana picha kwenye WhatsApp, yeye za theluji, mimi za kutu.

Ila kilichonigusa si pauni. Alisema aliyekuja kwanza hakuja na bei. Alikuja na kipimo. Alipima kila chumba, akahesabu madirisha, akapanda darini kuangalia kama kuna kitu cha kuzuia joto lisitoroke, akauliza ukubwa wa kila redieta. Alipoondoka ndipo yakaja makaratasi yanayosema nyumba ile inahitaji nini. Fundi wangu mimi alijua jibu kabla hajafika ngazi ya mwisho. Na simlaumu peke yake. Sisi wateja tunamlipa kwa kupachika, hatumlipi kwa kufikiri. Akisema "nipe elfu ishirini nikague nyumba" tutamwita mwizi.

Basi nikaikagua mwenyewe, kwa daftari na futi ya kushonea ya mama.

Nilikuwa nimeshajua nataka hita ya sola, ile inayopasha maji kwa jua. Mji huu uko karibu kabisa na ikweta, jua tunalo hadi tunalikimbia. Tatizo likawa paa. Tangi la lita 150 likijaa, pamoja na mirija yake ya kunasa joto la jua na fremu, ni uzito wa watu watatu wazima waliokaa sehemu moja hawaondoki. Nilipochoma kenchi zetu kwa kisu, kisu kiliingia kama kwenye mkate. Mchwa walikuwa wameshakula urithi kabla yetu. Kubadilisha paa zima ili upate maji ya moto, hiyo si hita tena, huo ni ujenzi.

Ni mama aliyelipata jibu, tena bila kujua. Alikuwa kaketi nyuma ya nyumba anachambua mchicha, mimi nalalamika habari za kenchi, akasema, "Sasa hilo simtanki mbona halijaanguka?"

Simtanki letu liko juu ya jiwe. Aliyeishi Isamilo, Bugando au Mabatini anaelewa: nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa kuliko nyumba, umezaliwa ukalikuta, watoto wanalitelezea, nguo zinaanikwa juu yake, na mijusi ile yenye kichwa chekundu inaota jua pale kutwa nzima. Mijusi ilikuwa imeshafanya upimaji. Ni sehemu gani inapata jua kuanzia saa tatu asubuhi hadi jioni bila kivuli cha mwembe? Ile wanayolalia wao.

Hita ya sola isiyo na pampu inafanya kazi kwa kanuni ambayo kila mpika chai anaijua: maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka. Tangi lazima liwe juu ya mirija, na simtanki la maji baridi liwe juu ya tangi, ili maji yajisukume yenyewe. Watu mabondeni wanajenga minara ya vyuma kupata ngazi hizo tatu. Sisi jiwe limezipanga kabla hatujazaliwa. Tulilaza mirija ikitazama kaskazini, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta kidogo, na tukaiinamisha kiasi ili maji yapate kupanda.

Haikuwa rahisi kama ninavyosimulia. Kutoboa granaiti kwa ajili ya boliti nne kulimaliza biti za drili tatu na siku nzima, na bila boliti hizo upepo unaotangulia mvua ungekuja kuichukua. Fundi umeme alipojaribu kuchimbia fimbo ya ethi, alipiga nyundo mpaka fimbo ikajikunja kama ndoana. Tukazunguka kiwanja kutafuta udongo wenye kina, tukaupata chini ya mwembe. Bomba nyeupe za kawaida za maji baridi hazivumilii joto, zinalegea, kwa hiyo tukaweka zile za plastiki ngumu zinazounganishwa kwa kuyeyushwa, tukazivalisha sponji nyeusi njia nzima. Bomba za chuma za bafuni tulizing'oa. Moja niliichungulia: tundu lilikuwa limejaa kutu, limebaki nafasi ya kupitisha penseli. Fikiria tungepachika hapohapo ile ya lita mia.

Gharama? Karibu mara tatu ya hita ya umeme niliyotakiwa kununua, na zaidi ya nusu yake haikwenda kwenye sola yenyewe. Ilikwenda kwenye bomba, waya na ethi, vitu ambavyo huwezi kumwonyesha mgeni. Duka lililotuuzia liliapa maji yatakuwa moto hata mvua inyeshe wiki nzima. Uongo. Msimu wa masika, siku ya pili ya mawingu, maji ni vuguvugu. Siku ya tatu ni ya kumtania mtu. Kwa siku hizo tumeacha koili ndogo ndani ya tangi, na swichi yake iko jikoni yenye taa nyekundu ili mama asiisahau.

Zamani siku kama hizo zilikuwa za jiko la mkaa na sufuria. Tunaimba sana nishati safi ya kupikia, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, nami naunga mkono. Lakini nyumba nyingi ninazozijua, mkaa wa kwanza wa siku hauwashwi kwa ajili ya kupika. Unawashwa gizani kwa ajili ya maji ya kuoga baba na watoto wa shule. Mtungi mdogo wa gesi hauwezi kubeba ndoo tatu kila alfajiri, hivyo jiko la mkaa haliondoki kibarazani. Hilo silioni likizungumzwa.

Mdogo wangu amemaliza yake Leeds, nyumba ina joto, bili bado anaitazama kwa jicho la pembeni. Kwetu mama ana malalamiko mapya. Mchana maji yanatoka ya moto mno, ya kunyonyolea kuku, na kweli aliwahi kunyonyolea kuku. Tukamwekea koki ya kuchanganya. Juzi amenipigia tena, nikashtuka nikidhani ni doa. Alikuwa anasema pimbi wamehamia chini ya tangi, wanne, pana joto, na anauliza kuna ubaya gani akiwaacha.