Limita haiwezi kubeba mzigo wote

Lalamiko la wanaorekodi nyumbani, uende Chikongola, Mtwara, au uende Lindi mjini, ni lilelile: wimbo ukipigwa baada ya ule uliotoka studio kubwa ya Dar es Salaam, unasinzia. Dawa inayotajwa haraka ni limita, kifaa cha kwenye programu kinachobana sauti isipite kikomo ili wimbo wote uweze kupandishwa. Isukume mpaka wimbo wote ujae kwenye skrini, basi. Upande wa pili wapo wanaosema mbio za kupiga kelele zimeshaisha, acha muziki upumue. Kila upande una hoja, na kila upande unaishia njiani.

Tuanze na hao wa pili, maana hoja yao ina namba. Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, husawazisha nyimbo hadi karibu -14 LUFS, kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti kwa jinsi sikio linavyousikia. YouTube hushusha zilizozidi hapo, ila zilizo chini haizipandishi. Kwa hiyo ukipeleka wimbo wa -7 LUFS, unashushwa desibeli 7. Ukubwa ulioutafuta haupo tena, umebaki na ngoma zilizobapa tu.

Sawa. Lakini huku wimbo unasikilizwa wapi? Kwenye bajaji, kutoka kwenye flashi. Saluni. Kwenye simu, umetumwa kwa WhatsApp. Msimu wa korosho pesa ikishaingia na sherehe zikashika kasi, anayepiga muziki anabonyeza faili moja baada ya jingine na mara nyingi hakuna programu inayosawazisha chochote. Wimbo wa -14 ukifuata wa -8, pengo ni desibeli 6, na hata bibi aliyekaa jikoni atalisikia. Halafu kuna injini: ndani ya bajaji, sehemu za wimbo ulizoziacha zinong'one kwa ustadi zinamezwa zote. Anayemwambia kijana wa Masasi asijali ukubwa wa sauti anamfikiria msikilizaji mwenye hedifoni nzuri kwenye chumba kimya.

Hoja ya redio ndiyo siikubali. Wengi husema wimbo usipokazwa hautasikika redioni. Vituo vya redio kwa kawaida vina mitambo yao inayobana kila kinachopita kabla ya kurushwa, na wimbo uliobanwa tayari ukibanwa mara ya pili ndipo unapotoka umekwaruza.

Ila kwa kazi ya chumbani kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita juujuu. Ukibana vilele, yaani pale sauti inaporuka juu zaidi, na kupandisha kilichobaki, unapandisha pia vilivyokuwa vimejificha chini. Joto la Mtwara unalijua, kwa hiyo feni ilikuwa inazunguka wakati wa kurekodi. Kwenye rekodi ghafi humsikii jogoo wa jirani. Punguza vilele kwa desibeli 8, pandisha, naye ataimba na wewe beti zote. Kuzima feni kwa dakika nne na kusimamisha godoro nyuma ya mwimbaji kunaongeza sauti kuliko programu nyingi za kulipia, kwa sababu ndiko kunakokupa ruhusa ya kupandisha.

Sasa tazama wimbo wenyewe. Tuseme umechanganya biti na ngoma ndogo ya sindimba, ile kali iliyokazwa ngozi kwa moto. Kila fimbo ikigusa, kilele kinaruka mpaka karibu na mwisho wa kipimo, kinadumu milisekunde chache, kinatoweka. Hicho ndicho kinachozuia wimbo mzima usipande. Ukiachia limita ya mwisho imshughulikie mpigaji, itashusha kila kitu kila anapopiga: sauti ya mwimbaji inayumba, na ngoma inageuka kishindo kisicho na ncha. Shughulika na ngoma peke yake, kwenye chaneli yake. Kata ncha desibeli 2 au 3. Sikio halishtuki, kwani ni fupi mno. Ukitumia kompresa, ile inayopunguza sauti kila inapozidi kiwango, ichelewe kidogo kushika, milisekunde 20 hadi 30, fimbo ipite kwanza. Sauti ya mwimbaji nayo isawazishe kwa mkono, neno kwa neno, kabla kompresa haijaiona. Kazi ya kuchosha, najua.

Besi ndiyo mlaji mkubwa wa nafasi. Maiki inaokota mingurumo ya chini ambayo sauti ya mtu haiihitaji; ikate chini ya hezi 80 hivi, na gitaa vilevile. Spika ya simu haitoi besi ya chini kabisa hata uisukume vipi, kwa hiyo inayojaza kipimo pale chini inakunyima ukubwa bila kumfikia msikilizaji huyo.

Baada ya hapo limita inabaki na desibeli 2 au 3 za kukamata, kazi iliyotengenezewa. Mimi ningeusimamisha wimbo wa huku kwenye -10 LUFS hivi, kilele kisizidi desibeli -1 ili usikwaruze ukigeuzwa kuwa MP3. Mtandaoni utashushwa desibeli 4, na kama ngoma bado zina uhai hutapoteza kitu. Kiitikio kikionekana hakipandi tena, usiguse limita; shusha beti desibeli 1, au toa chombo kimoja kabla kiitikio hakijaingia.

Na unapolinganisha toleo la zamani na jipya, shusha jipya mpaka yawe sawa sikioni. Sikio linapenda chenye sauti kubwa hata kikiwa kibovu. Yakiwa sawa, sikiliza fimbo ya ngoma tu. Kama kwenye toleo jipya imerudi nyuma, regeza limita desibeli 1 usikilize tena.