Kompyuta mpya inayochelewa kuwaka: kasoro au kazi inayostahili subira?

Anayejiundia kompyuta kwa vipuri vipya hutarajia kwamba akibonyeza kitufe, Windows itafunguka kabla hajaketi vizuri. Badala yake feni huzunguka, skrini hubaki nyeusi kwa dakika nzima au zaidi, na mwenye mashine huanza kujiuliza ni kipuri gani alichokiharibu. Hapo ndipo rai mbili hukutana. Ya kwanza inasema kwamba kuchelewa kokote katika mashine mpya ni kasoro, hivyo programu zinazojiwasha zizimwe, Windows isakinishwe upya na kila mpangilio wa kuharakisha uwashwe katika BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoiandaa mashine kabla ya Windows. Ya pili inasema kwamba, katika mashine zenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya kizazi cha DDR5, muda huo mara nyingi ni kazi halali ya ubao mama, na anayeikatiza hajui anachokikatiza.

Rai ya kwanza ina ukweli wake. Diski kuukuu iliyohamishwa kutoka mashine ya zamani, kifaa cha USB kisichoitika, au BIOS iliyopangwa kutafuta mfumo kwenye mtandao kabla ya diski, vyote hula sekunde bila faida, na kuviondoa ni kazi ya dakika chache. Walakini hata hapo yafaa kwanza kujua muda unapotelea wapi. Task Manager huonyesha sekunde zilizotumiwa na BIOS, lakini saa ya kawaida inatosha: hesabu tangu kubonyeza kitufe hadi nembo ya ubao mama itokee, kisha tangu nembo hadi Windows ikae tayari. Ikiwa sehemu ya kwanza ndiyo ndefu, na taa ndogo yenye maandishi DRAM, yaani RAM, inawaka kwenye ubao, kusakinisha Windows upya ni sawa na kufunga bendeji mguu usio na jeraha.

Kinachofanyika wakati taa ile inawaka ndicho kisichoeleweka vya kutosha. RAM ya DDR5 iliyowekwa kwenye kasi ya 6000, ambayo ni ya kawaida kwa prosesa za Ryzen za kampuni ya AMD, za jukwaa la AM5 lililotoka mwaka 2022, hupitisha katika kila waya biti bilioni 6 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba biti moja hupewa takriban pikosekunde 167 (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde), muda ambao mwanga wenyewe husafiri sentimita 5 tu, na mawimbi ya umeme ndani ya ubao huenda kwa karibu nusu ya mwendo huo. Kwa hiyo biti ya kwanza haijafika kwenye prosesa, na ya pili tayari imekwisha kuondoka. Vijiti viwili vya RAM vina nyaya 128 za data, na hakuna waya unaolingana kabisa na mwenzake. Basi BIOS hulazimika kuupima kila mmoja, kuujaribu kwa ucheleweshaji na volti tofauti, na kutafuta nukta ambayo sifuri na moja hazichanganyiki. Kazi hiyo huitwa mafunzo ya RAM. Vijiti vinne huirefusha zaidi, na anayezima umeme katikati kwa wasiwasi huilazimisha ianze tena mwanzo.

Wengi huambiwa wawashe mpangilio unaoitwa Memory Context Restore, unaohifadhi vipimo vya jana ili leo visirudiwe. Muda hupungua sana, hilo halina ubishi. Lakini vipimo hivyo vilichukuliwa katika joto na hali fulani, na vikiwa vimepitwa, RAM huanza kukosea. Mashine ikizima ghafla, afadhali, kwa kuwa mwenyewe ataona. La kuogofya ni biti moja kugeuka kimya wakati faili linahifadhiwa: picha, hesabu au nakala ya akiba huandikwa ikiwa na dosari, na dosari hiyo hunakiliwa tena na tena hadi nakala iliyo safi isibaki. Baadhi hujituliza kwamba DDR5 ina urekebishaji wa makosa ndani yake. Ni kweli, ila urekebishaji huo huishia ndani ya chipu ya RAM. Haulindi safari ya kutoka kwenye chipu hadi kwenye prosesa, ambayo ndiyo hasa mafunzo huishughulikia.

Watengenezaji wa mbao mama hawakwepi lawama hapa. Kumwacha mtu mbele ya skrini nyeusi kwa dakika kadhaa, bila dalili nyingine ila taa iliyojificha ndani ya kasha, ni kumkaribisha akosee. Vilevile matoleo ya awali ya BIOS za AM5 yalichelewa kupita kiasi, na masasisho yaliyofuata yalipunguza muda huo. Asiyesasisha hana haja ya kuuvumilia.

Kwa maoni yangu mpangilio wa Memory Context Restore si wa kukataliwa, bali haufai kuwa hatua ya kwanza. BIOS isasishwe, kasi ya RAM iwekwe, mafunzo yaachwe yamalizike, kisha MemTest86, programu ya kupima RAM, iendeshwe kwa saa kadhaa. Matokeo yakiwa safi, Memory Context Restore iwashwe pamoja na Power Down Enable, mpangilio wa kuokoa umeme wa RAM, ambao kwa kawaida huhitajika ili mashine itulie, na majaribio yarudiwe baada ya mashine kuzimwa na kupoa kabisa. Likitokea kosa hata moja, mpangilio uzimwe, na ubao mama uachwe ujipime kila asubuhi, hata kama utachukua sekunde 40.