Chomelea nyumbani, ila breka usiiguse

Mpwa wangu wa Pasua, hapa Moshi, alinunua inveta ya kuchomelea ya ampia 200, akaja kwangu simu mkononi. "Shikamoo mjomba. Hebu muone huyu Mmarekani." Kwenye video jamaa anachomoa mashine ya kukaushia nguo, anachomeka ya kuchomelea palepale, cheche zinaruka. Sisi tunachomeka wapi? Nikamwonyesha kamba ya nguo uani.

Utani pembeni, swali lilikuwa la maana. Wapo wanaosema kuchomelea nyumbani ni mwiko, mimi simo. Inawezekana kabisa. Ila usimwige yule jamaa waya kwa waya.

Soketi yao ya kikaushio ina volti 240 na ampia 30, na volti hizo hupatikana kati ya nyaya mbili ambazo zote ni za moto (zinazoleta umeme), kila mmoja 120. Kwetu wa moto ni mmoja tu, volti 230. Kinachonitisha zaidi ni rangi. Kwao mweusi ni wa moto. Kwenye nyumba zetu za zamani mweusi ni nyutro (wa kurudisha umeme), mwekundu ndio wa moto. Nyumba za sasa moto ni kahawia, nyutro bluu. Isitoshe, soketi zao za zamani za pini tatu hazina ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja), pini ya tatu ni nyutro. Mwaka 1996 ndipo kanuni zao zilipodai pini nne kwa nyumba mpya.

Kwetu ndugu wa soketi hiyo ni swichi ya jiko. Ikiwa imefungwa vizuri ina waya wa milimita 6 za mraba na breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampia 32. Ya hita ya bafuni mara nyingi ni ampia 20. Soketi ya kawaida plagi yake ina fyuzi ya 13, na kuna watu huweka kipande cha waya badala ya fyuzi (nimeona hata cha msumari).

Sasa hesabu. Rodi ya kuchomelea ya milimita 2.5 unaichomea kwa ampia 80 au 90, na hapo ukutani mashine inavuta kama 15 tu. Rodi ya 3.2 kwenye 130 inavuta 24 hivi. Kwa geti la nyumbani, hayo yanatosha. Lakini ukizungusha kitufe hadi 200, ukutani zinaweza kupita 40, na breka ya 32 inaweza kukatika.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi. Breka ikikatika, fundi anasema tuweke ya 63. Breka hailindi mashine yako, inalinda waya ulio ndani ya ukuta. Ukiweka kubwa, waya unachemka kimya kimya na hakuna wa kuukatia umeme. Nyumba niliyopanga Sakina, Arusha, ilibadilishwa breka hivyohivyo. Wiki chache baadaye plasta juu ya swichi ikageuka rangi ya chai, na harufu ya plastiki ikatuhamisha chumba.

Nilimpa mpwa masharti. Afungue swichi aone unene wa waya, asitegemee maneno ya aliyejenga. Fundi umeme apime ethi, maana bodi ya mashine ikipata umeme bila ethi, wewe ndiye ethi. Eksitensheni ya ringi aikunjue yote, ikikaa imezungushwa inapata joto hadi kuyeyuka. Mama yake asipike kwa jiko la umeme wakati anachomelea. Na kama mashine imeandikwa asilimia 60, achomelee dakika 6, apumzike 4.

Alinuna kidogo kwa lile la kutofika 200. Geti lake sasa limesimama, limechomelewa lote kwa 85, na mshono wake ni mzuri kuliko wa geti langu, nililolilipia.