Madaftari ya Ubatizo ya Dodoma: Yafunguliwe kwa Nani?

Mwaka 2019 Papa Fransisko aliibadilisha jina Hifadhi ya Siri ya Vatikani ikawa Hifadhi ya Kitume, na tarehe 2 Machi 2020 nyaraka za enzi ya Papa Pio XII zikafunguliwa kwa watafiti. Macho ya wengi yalielekea Roma, ilhali swali hilohilo la nani aruhusiwe kusoma nyaraka za Kanisa linatuhusu sisi wa Dodoma, kwa kuwa kila parokia kongwe ina kabati lake la madaftari.

Daftari la ubatizo si orodha ya majina tu. Katika mstari mmoja hukutana jina la mtoto, wazazi wake, wasimamizi wake, tarehe na saini ya padri, na pembeni huongezwa baadaye taarifa za kipaimara na ndoa, hata mtu akiwa amefungia ndoa mbali na alikobatizwa. Kwa eneo lililofanywa Prefektura ya Kitume (eneo la misioni ambalo bado halijawa jimbo) mwaka 1935 na kukabidhiwa Wapasionisti, shirika la watawa wamisionari, likawa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 2014, mistari hiyo inaweza kuonyesha familia za Ugogo zilivyohama, zilivyooana na zilivyochagua majina, mambo ambayo nyaraka za serikali ya kikoloni, zilizojishughulisha zaidi na kodi na utawala, hazikuyajali.

Wanaotaka kabati libaki limefungwa wana hoja nzito, na nisingependa zibezwe. Daftari hutaja waziwazi mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Anayetajwa huenda yu hai, au wajukuu wake wanaishi kijiji hichohicho. Sheria ya Kanisa yenyewe, katika kanuni ya 487, inataka ufunguo wa hifadhi ya jimbo uwe kwa askofu na kansela, yaani mtunza nyaraka wa jimbo, tu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza uzito wa tahadhari hiyo. Isitoshe, paroko aliyewahi kuazimisha kitabu kisirudi hawezi kulaumiwa akiwa mgumu.

Hata hivyo, kufungia si kuhifadhi. Mchwa hawasubiri kibali cha kansela, na daftari lililopo nakala moja tu likilowa mvua ya masika limekwisha. Kanuni hiyohiyo ya 487 inampa mtu haki ya kupata nakala ya hati inayohusu hadhi yake, na kanuni ya 491 inamtaka askofu awe na hifadhi ya kihistoria jimboni. Kwa hiyo Kanisa halijawahi kusema kwamba yote ni siri.

Kwa maoni yangu, umri wa daftari ndio uamue. Serikali hufungua kumbukumbu zake kwa jumla baada ya miaka 30, muda ambao ni mfupi mno kwa habari za ubatizo, maana aliyebatizwa akiwa mchanga bado ni kijana. Madaftari ya kabla ya uhuru yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa, nakala zisomwe na watafiti wakiwa chini ya uangalizi katika ofisi za jimbo kuu, na ya baadaye yabaki kwa paroko. Nakala hizo zikae hapahapa Dodoma, hata kama nyingine itapelekwa ng'ambo kwenye makao ya shirika la Wapasionisti, kwa sababu mwanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dodoma asilazimike kutafuta nauli ya ndege ili asome habari za babu yake wa Bihawana.